Batoto ba Tumbo Moja

Kwetu muntu haulizi nani alizaliwa na nani. Mukikula bukari mu sahani moja, muko ndugu, basi. Mama alipenda kutuambia kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mimi nilifikiri anasema tu juu ya batoto ba jirani.

Kaka yangu mukubwa, yule tunaitaka Yaya, alipogonjwa kansa ya damu, dokta alituita bote. Akaeleza vizuri: inaombwa mbegu ya damu, ile inakaaka ndani ya mifupa, ya muntu mwenye kufanana naye. Wa kwanza kutafuta ni ndugu wa baba moja na mama moja. Nje ya pale, mu makompyuta ya Ulaya, bantu ba kwetu benye kujiandikisha kutoa ile mbegu ni bachache sana. Akamuuliza Mama kama hawa batoto ni ba tumbo moja. Mama akajibu ndiyo, bote, na hakupepesa macho.

Tukatoa damu. Ikapanda ndege ku Luano, ikaenda ng'ambo, na sisi tukabaki kungojea, huku Yaya anatoka damu ku fizi kila akipiga muswaki. Miezi ikapita bure. Jibu ikakuya: hakuna hata mumoja anamukaribia. Dokta akaniita pembeni, akauliza tena kama tuko kweli ba baba moja na mama moja. Nilimukasirikia. Nilimuambia asitutukane.

Nilirudi nyumbani na hasira yangu. Mama alikuwa anasonga bukari. Nikamuuliza ile swali yenye mutoto wa kwetu hapaswi kuuliza. Akaendelea kusonga. Nikapandisha sauti, nikamuambia Yaya atakufa. Hapo njo alisema, bila kuniangalia, kwamba Yaya ni mutoto wa dada yake marehemu. Alimubeba angali ananyonya, mbele mimi nizaliwe, na Yaya mwenyewe hajui. Na Yaya iko na dada yake wa baba moja na mama moja. Ule alibaki na jamaa ya baba, kule Kipushi.

Mama we! Kumbe alijua tangu siku ya kwanza! Nilimupenda na nikamuchukia mu dakika moja.

"Kama ningesema," akanijibu, "ningekuwa nimemurudisha ku uyatima."

Kesho yake nikaenda Kipushi. Ule mwanamuke anauzisha vitenge anavileta toka Zambia, na uso wake ni ya Yaya kabisa. Alinisikiliza paka mwisho. Akanieleza kwamba alikuya ku ndoa ya Yaya, na Mama akamukalisha na bageni, bila kumutambulisha kwa muntu.

"Damu nitatoa," akasema. "Lakini mama yako anipeleke yeye mwenyewe ku kitanda ya ndugu yangu, amuambie mimi ni nani."

Nikamupigia Mama simu pale pale, mbele yake. Mama akasema atafikiri.

Afikiri nini tena, Mungu wangu? Yaya anaisha.