Imelala au Imerara

Mimi sinywi pombe, na nyumbani kwetu haijawahi kuingia chupa. Ila lebo za pombe nachapa, maana karakana yangu ya Kimisagara haiwezi kuishi kwa kadi za harusi peke yake. Babu yangu alikuja na vitambaa kutoka pwani, basi wateja wanaamini sitachanganya r na l kama wengine hapa Kigali.

Mama mmoja aliyekulia Uganda aliuza gari lake akafungua kiwanda kidogo cha wiski ya mahindi, Busanza. Akaniletea maneno ya lebo: "Wiski. Imerara kwenye pipa la mbao."

"Mama, hapa ni imelala," nikamwambia.

Akacheka. "Acha hivyo hivyo, shehe. Yangu imerara."

Lo! Kwa Kinyarwanda, kurara ni kulala mahali usiku, hata usiku mmoja. Na kinywaji chake ndivyo kilivyofanya: kimeingia pipani jioni, kimetoka asubuhi. Msomaji wa Kiswahili angedhani ni miaka, na r imeteleza tu kama kawaida yetu.

Nikachapa sampuli, tukaipeleka pamoja kwa mkaguzi wa viwango. Akaisoma, akatabasamu.

"Imerara siku ngapi, mama?"

Mama akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Mkaguzi akamweleza taratibu kwamba neno wiski lina masharti yake: nafaka, pipa, na muda humo pipani. Muda haujatimia, andika pombe kali.

"Nani kwenye maduka ya Remera ataweka pombe kali kwenye rafu nzuri?" mama akauliza. "Bila hilo neno nafunga."

"Basi iache ilale kweli."

Akajaza mapipa, akayafungia. Huku nje akauza pombe kali ya mahindi, kwa lebo zangu nyeupe zisizo na madaha. Haikumlipa. Nilimwonea huruma, lakini utani sikuacha.

"Mgonjwa wetu bado amelala?"

"Bado. Usimwamshe."

Siku moja alikuja macho mekundu. Mtambo umeharibika, fundi anataka chake, na mapipa yako pale pale yanamtazama. Akasema atayafungua. Nilimpa chai, tukazungumza habari za mvua, akarudi Busanza. Hakuyafungua.

Miaka ikapita. Wiki iliyopita akanipigia simu, hata salamu hakunipa.

"Shehe, sasa niwekee ile eri."

Alitaka kusema eli, ile ya imelala. Nilimwelewa.