Mbao ya Ukuta wa Nyuma

Nyumba tunayopanga mtaa wa Rosettenville, Johannesburg, zamani ilikuwa hoteli. Mwingereza aliyeijenga alitaka ifanane na nyumba za wageni za mji wa kwao: mbao nene nyeusi zinaonekana kwa nje, katikati yake kuta nyeupe. Siku hizi tunaishi humo Warundi, Wakongo na sisi Watanzania wachache, kila familia na chumba chake.

Fundi Léonce, seremala kutoka Ngozi, Burundi, ana mikono hodari na kichwa kigumu. Kanisa la Warundi lilipohitaji mimbari, aliitazama mbao moja ya mshazari kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba yetu, akaamua ni pambo tu. Amebandua nyingi za namna hiyo hapa Johannesburg. Hupigiliwa juu ya matofali, hazibebi kitu. Akaikata, akaliziba pengo kwa plasta nyeupe. Mimbari ikatoka nzuri, mchungaji akamsimamisha mbele, watu wakampigia makofi.

Kumbe kwetu hapa mbao ndizo nyumba yenyewe, ndizo zinazobeba paa. Baada ya mvua mbili ukuta ulianza kuinama, na mlango wa Gaudiose upande huo, mjane wa kanisa hilohilo anayeuza mitumba, ukagoma kufunguka. Mwenye nyumba, Bwana André, alikuja amefura. Alimtukana Gaudiose mbele yetu sote, akidai marobota yake ya mitumba yameusukuma ukuta, akamwambia ahame kufikia Jumamosi.

Léonce alikuwepo, akaelewa palepale kwamba ni ile mbao aliyoikata. Halafu, badala ya kukiri, alichukua randa akaupunguza ule mlango bure, na Gaudiose akamshukuru. Aliniambia baadaye kwamba aliona aibu kusema. Sikumhurumia.

Ijumaa mchana Léonce alimkuta Gaudiose akifunga mizigo.

“Mama Hugues, pardon,” alimwomba radhi. “Ile mbao niliikata mimi. Nakwenda kumwambia André sasa hivi.”

“Najua, fundi. Msumari wangu wa kamba ya nguo umekatikia ndani ya mimbari. Niliuona Jumapili ileile uliyopigiwa makofi.”

“Eish. Mbona hukusema?”

“Nilikuwa nakungoja wewe.”

Léonce alikwenda, akakiri yote, akaahidi kuujenga ukuta upya. André akatuma ujumbe kwamba Gaudiose abaki. Gaudiose akakataa. Alisema ukuta utapona, lakini hawezi kupanga jirani na mtu aliyesimama kimya akimwona anatukanwa.

Jumamosi alihamia Berea, mtaa mwingine wa jiji. Léonce ndiye aliyembebea marobota mpaka kwenye gari, moja baada ya jingine, na hakuna aliyemwambia asante.