Nilivyomwandika Mama Nabintu

Nafundisha watu wazima kusoma hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, kwa msaada wa shirika moja la hisani lenye ofisi Mbarara. Mama Nabintu, mkulima kutoka Kivu Kusini, hakukosa somo hata moja, lakini kila nilipompa kitabu alikifunga na kunirudishia.

"Mwalimu, maneno inakimbia," aliniambia.

Mimi, mjuzi wa kila kitu, nikaona ni uvivu. Shirika lilipotaka ripoti, niliandika kwamba nafasi yake apewe mwingine, nikajiona mtu wa haki kabisa.

Wiki iliyopita mgeni wa shirika alikuja na ripoti hiyo, akifuatana na muuguzi wa kupima macho. Muuguzi akamvalisha Mama Nabintu miwani.

"Sasa soma chochote, mama."

Karatasi iliyokuwa karibu mezani ilikuwa ripoti yangu. Nilinyoosha mkono kuichukua, nikachelewa. Aliishika kwa mikono miwili, akaanza polepole, darasa zima likisikiliza.

"Na-bi-ntu... ha-we-zi... ku-so-ma."

Akainua uso, akanitazama kupitia ile miwani mipya.

"Mwalimu, hii jina ni yangu?"