Nduma za Nyanya na Bomba la Zamani

Saa nne na dakika ishirini na tatu asubuhi, siku ya Jumamosi, maji ya nyanya yangu aliyenilea yalikoma. Nina hakika na wakati huo kwa sababu mimi ndiye niliyeachiwa saa ya mkono.

Wiki iliyopita nilipita mtaa wetu wa zamani, pembeni mwa mji wa Nyeri. Pale bondeni palipokuwa na nduma, yaani magimbi, sasa pamemwagwa kokoto na magari yanaegeshwa. Nilisimama kidogo, rafiki yangu, nikitafuta harufu ya tope baridi na majani mapana.

Miaka ya tisini nyanya alikuwa na kishamba nyuma ya nyumba, kibichi hata Februari majirani wakipiga jembe kwenye vumbi. Maji yalichuruzika chini ya ukingo mwaka mzima, nasi tuliyaita chemchemi. Alipanda nduma, mbegu akizitoa kwao Mukurweini, na pesa za nduma ndizo zilizonilipia shule, maana nilikuwa naye yeye tu. Maji yenyewe hakumtoza mtu. Jumapili baada ya kanisa majirani walikuja na mitungi kuteka ya chai. Walisema ya mfereji yananuka dawa.

Kazi yangu ilikuwa kuosha nduma hapo hapo mpaka vidole vife ganzi, kisha kuchochea moto chini ya sufuria kubwa. Nduma moto, chumvi kidogo, chai ya maziwa. Nikipika leo haiwi ile.

Kisha mji ukaanza kubadilisha mabomba. Ya zamani yalikuwa ya chuma, yamelala ardhini tangu enzi za wakoloni, na maji mengi yalipotea njiani bila mtu kujua wapi. Fundi mmoja wa mabomba kutoka magharibi mwa nchi, mtu wa mzaha, alizunguka mtaani akiwauliza watoto kama wameona mahali penye unyevu. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kupima vitu, nami nilikuwa nimeipima chemchemi yetu. Nikamweleza kwa fahari: kopo moja kwa dakika mbili, masika na kiangazi sawa.

Hakucheka. Alisema chemchemi haiwi sawa kiangazi na masika. Akavua saa yake akanipa. Alisema angefunga koki kubwa ya bomba la mji, kule juu, saa nne kamili. Mimi nikae pale niangalie.

Aliporudi adhuhuri, pale palikuwa pakavu na majirani walikuwa wamejaa uani.

“Mama, hii si chemchemi. Ni maji ya mji yanayovuja,” fundi alimwambia nyanya.

“Ati ya mji? Nimekunywa hii maji miaka thelathini.”

“Ndiyo maana umekaa vizuri hivyo. Lakini ni ya mfereji.”

Jirani mmoja, aliyezoea kujisifu kwamba ulimi wake unatambua maji ya Mungu, alibeba mtungi wake akaenda zake polepole. Siku nyingi wenzake walimtania, wakimwomba aonje na kuwaambia maji yametoka tangi gani.

Nyanya hakucheka. Aliuliza nani alimwonyesha fundi mahali hapo. Fundi akanitazama, kisha akasema ni paipu yenyewe iliyomwonyesha. Nyanya alichukua ile saa mkononi mwangu, akamrudishia mwenyewe.

Bomba jipya lilipitishwa barabarani. Nduma ziligeuka manjano, zikalala. Tulizing'oa zilizobaki, tukazila siku nne, ngumu na zenye nyuzi. Mwaka uliofuata nyanya alikwenda kuchuma kahawa ya watu ili nibaki shuleni, nami nikabaki.

Leo maji hufika jikoni kwangu mchana na usiku, na siwezi kusema mji ulikosea. Lakini majirani walipopata kila mmoja mfereji wake, hawakuwa tena na sababu ya kuingia kwetu Jumapili, na ua ukawa kimya.

Nyanya hakunitajia kamwe kwamba ni mimi niliyemwonyesha fundi maji yale, hadi akafariki. Mimi ndiye niliyepiga hesabu nikiwa mtu mzima, nikikumbuka magunia na bei ya soko: kwa mwaka mmoja, mdomo wangu ulimpotezea shilingi elfu sita na mia nne.