Ngazi ya Fundi Rangi

Hii hamtaiamini, ingawa mjomba wenu hajawahi kusema uongo. Shemeji yangu, fundi rangi, alisahau ngazi yake kwenye nyumba yetu ya ibada, alikokuwa akipaka dari. Aliporudi akaikuta imefunikwa shuka jeupe, waumini wanaipita wameinamisha vichwa. Bila ngazi hana kazi, basi akaiomba.

"Kitu kitakatifu hakiguswi, fundi," mzee wa ibada akamkemea. "Dari ukitaka kumalizia, panda juu ya meza ya sala."

Akapanda na viatu vyake! Huku chini watu elfu mbili wamepiga magoti mbele ya ngazi, mimi peke yangu nimesimama wima nawacheka, mara nika...

"Shemeji, punguza chumvi!" fundi akanidakiza kutoka mlangoni, kumbe alikuwa akisikiliza. "Mlikuwa wanne. Shuka ulilitandaza wewe kuzuia vumbi, na wa kwanza kupiga magoti ni wewe. Kesho twende ukanitolee ngazi yangu!"