Baba Somoe, Mshiriki wa Nane

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa utosini, na nilikuwa nimekula nikashiba. Naanza na hayo kwa sababu ndugu zangu wa Lisekese, kila nikiwasimulia, wananiuliza kama siku ile nilikuwa na malaria. Sikuwa na malaria. Nilikuwa na aibu, na aibu haimpi mtu maruweruwe.

Nilikuwa chuoni mwaka wa mwisho, nasomea sosholojia. Somo lililonikaa moyoni lilikuwa la kuchunguza uhalifu kwa kusikiliza. Huendi na dodoso la kuweka alama za vema. Unakaa na mtu aliyevunja sheria, unamwacha aseme kwa maneno yake, unamrekodi, kisha unaandika neno kwa neno, hata pale alipokohoa. Mimi nilichagua kangomba, ule ununuzi wa korosho wa uchochoroni unaokwepa mnada wa ushirika. Kwetu nani hamjui mtu wa kangomba? Mwalimu akataka watu wanane. Akatufundisha njia inayoitwa mpira wa theluji: mmoja anakupeleka kwa mwenzake, naye kwa mwenzake, mpira unazidi kukua. Theluji yenyewe hatujawahi kuiona, lakini kwa watu saba mpira uliviringika vizuri, kutoka Masasi mpaka Newala. Wa saba akagoma kunipeleka kwa mwingine. Alisema ameshasema mengi, na mimi ni mtoto wa watu, nirudi kwetu.

Zilibaki siku mbili nikabidhi kazi. Ningeweza kumpigia mwalimu simu, nikamwambia nimepata saba. Badala yake nilikaa barazani kwenye nyumba ya wageni pale Newala, nikamtunga wa nane.

Usinicheke. Ukishawasikiliza saba, kumtunga wa nane ni kazi nyepesi. Nilichukua kikohozi cha huyu, hofu ya yule, nikaunganisha. Sasa, washiriki hawaandikwi kwa majina yao ya kweli, unawapa ya bandia. Mwanafunzi wa kwingine angeandika Juma, yakaisha. Lakini mimi ni wa huku, na huku mtu mzima hatajwi kwa jina lake kavu, anaitwa kwa mtoto wake. Mkono wangu ukaandika Baba Somoe kabla sijafikiri, na hapo nikawa nimemzaa Somoe pia. Nikaongeza chumvi: kwamba Somoe ni mtoto wake wa pekee, aliunguzwa mkono wa kushoto na mafuta ya ganda akibangua korosho, na baba akaingia kwenye kangomba ili amtibu. Kwenye fomu ya ridhaa nikapaka wino dole gumba langu mwenyewe, nikamwekea sahihi.

Niamini, mwalimu aliyapenda mahojiano hayo kuliko yote. Wale saba wa kweli, walionisimulia huku wakichungulia mlangoni, aliwapitia haraka haraka. Wa nane alimsoma darasani kwa sauti, na mimi nikainama kama mtu mwenye haya ya kusifiwa.

Wiki chache baadaye tulirudishwa kwenye maeneo yetu ya utafiti kuhakiki tuliyoyaandika, na mwalimu akaja kututembelea huko. Tukala mgahawani Newala, mimi nikatangulia nje kukaa kwenye benchi, yeye akabaki ndani ananawa. Ilikuwa saa saba mchana. Mwanamke wa umri wa miaka ishirini hivi, amejitanda khanga, akavuka barabara akaja moja kwa moja kwangu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Mimi Somoe. Nimeambiwa wewe ndiye uliyezungumza na baba."

Nikatazama mkono wake wa kushoto. Kovu lilitoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo, ngozi imejikunja na kung'aa. Nikajipa moyo. Kina Somoe wako wengi, na makovu ya korosho huku si kitu cha ajabu, au siyo? Nikamuuliza mama yake ni nani. Akanitazama kama mwanafunzi aliyeulizwa kitu ambacho hakufundishwa. Nikamuuliza kijiji chao. Akainamisha uso, akaona aibu yeye badala yangu.

"Samahani, dada, hayo siyajui. Najua tu baba aliingia kangomba kwa ajili ya mkono wangu."

Hiyo ilikuwa sentensi yangu niliyoiandika barazani. Nikashika benchi kwa mikono miwili.

"Dada, baba yuko wapi?"

Wakati huo mwalimu ameshatoka, amesimama nyuma yangu anafuta mikono. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: baba yako nilimtunga mimi. Lakini shahada ingekwenda, na mama yangu alikuwa ameshawatangazia majirani. Nikasema, "Amekwenda Lupaso, ana shamba huko. Anakusalimu sana."

Alivyozifurahia zile salamu, naona aibu hata kueleza. Alishukuru mara mbili, akaondoka kwa miguu, na Lupaso ni mbali kutoka pale. Nilimsindikiza kwa macho mpaka mikorosho ikamficha.

Mwalimu, aliyemwona vizuri kama mimi, alinivuta pembeni akanigombeza. Imekuwaje mtoto wa mshiriki amejua baba yake alihojiwa? Umevujisha siri ya mtu, akasema. Nikainamisha kichwa, nikaomba radhi. Nilikubali kosa nisilolifanya, na nikafurahi kuwa nalo, kwa sababu lilikuwa dogo kuliko langu.

Nilihitimu. Cheti mama amekitundika sebuleni, nami siwezi kukaa kwenye kiti kinachokitazama. Miaka ilipopita nikajikaza nikaenda Lupaso. Kina mama wabanguaji wakaniambia ndiyo, kila msimu wa korosho hupita binti mwenye mkono ulioungua, anamuulizia Baba Somoe kwa adabu, anasema alielekezwa na dada mtafiti. Wanamwonea huruma. Hawajui analala wapi wala anakula nini. Wakaniuliza kama namjua huyo dada, nikasema simjui.

Msimu uliopita nilikuwa Ndanda, nasubiri gari kando ya barabara kuu. Nina watoto wawili sasa na mvi zimeanza. Somoe akasimama mbele yangu, umri haujamwongezeka hata siku moja.

"Shikamoo, dada. Lupaso sikumkuta."

Nyuma yangu hakuwepo mwalimu. Hakuna ambaye angeninyang'anya chochote. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, nikatazama uso ule unaoniamini, nikamwambia baba yake amerudi Newala. Akanishukuru.

Basi wewe unayejifunza kazi hii, ukibakiwa na nafasi moja tupu, iache tupu. Na wewe mwingine, ukikutana njiani na binti mwenye kovu mkono wa kushoto, akakuamkia na kukuulizia baba yake, tafadhali usimwelekeze mbele. Mkalishe kivulini, umwambie hakuna mtu huyo na hakuwahi kuwepo, apumzike. Najua ni kazi yangu. Nimepewa nafasi mara mbili, na mara zote mbili nimemtuma safari.