Bibi Tusekile hakunisindikiza

Leo nimeenda kuaga, nimeishia kufukuza kuku. 😅

Jumamosi narudi kwetu Morogoro, miaka yangu miwili ya umisionari hapa Ileje imeisha. Nyumba ya mwisho kuaga niliichagua makusudi: kwa Bibi Tusekile, huku Ibaba.

Kanisani kwetu hajawahi kukanyaga. Ila chai yake nimeinywa sana, na shamba lake la viazi nimelilima kwa mikono hii.

Nilienda na Elia, mmisionari mpya anayechukua nafasi yangu. Tukala, tukaomba, nikasimama kuaga. Machozi yako hapa hapa.

Bibi akajifunga kitenge vizuri, akamshika Elia mkono, huyoo, anamsindikiza mpaka barabarani!

Na mimi je?

"Wewe fungia kwanza hao kuku, watamaliza mahindi niliyoanika."

Jamani.

Nikabaki uani nakimbizana na jogoo, roho inauma. Mwanzoni alikuwa ananisindikiza hadi njia panda. Kisha akaacha tu. Mwaka mzima nimekuwa nikijiuliza nilimkosea nini, na kuuliza nikaogopa.

Aliporudi nikashindwa kuvumilia.

"Bibi, anayeondoka ni mimi. Mbona umemsindikiza Elia?"

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu.

"Si yule ndiye mgeni? Mtoto wa hapa nyumbani anasindikizwa na nani?"

Akaingia jikoni kuosha vikombe.

Haya niambieni nyie, Jumamosi naondokaje?